Si Uzembe, Ni Kuchomekea

Mwezi uliopita kikundi chetu cha kusoma kilifika sehemu ya pili ya Anna Karenina, kwenye zile sura za mbio za farasi za maafisa wa jeshi. Aliyesoma atakumbuka. Vronsky yuko juu ya jike lake Frou-Frou, yuko mbele ya wote, umebaki mfereji mmoja wa maji ambao mnyama yule angeuruka hata usingizini. Na anauruka kweli. Lakini mpandaji, badala ya kufuatana na mwendo wa farasi, anarudi kukaa kwenye tandiko kabla ya wakati. Kosa la nusu sekunde. Frou-Frou anaanguka, mgongo umevunjika, na bwana mkubwa kwa hasira anampiga teke la tumbo kabla haijaamuliwa kwamba auawe kwa risasi.

Mwenzetu mmoja, msomaji mzuri kuliko mimi, akafunga kitabu akasema: "Masikini Vronsky. Ajali haina kinga." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikapinga, tena kwa sauti ambayo haikuhitajika kwenye sebule ya watu sita, na nadhani mpaka leo naonekana mtu wa shari. Basi acha nieleze hapa, maana pale nilishindwa.

Tolstoy hakusema ajali. Anatuonyesha kosa liko wapi: kwenye makalio ya mpandaji, kwenye uamuzi wa mwili wake mwenyewe. Vronsky anajua, ndiyo maana msiba ule unamuuma kuliko yote aliyowahi kuyaona. Hana wa kumsingizia. Katika riwaya hakuna jopo linalokaa kumhoji. Hakuna anayemfungia siku saba. Mwandishi peke yake ndiye msimamizi wa mbio, na hukumu yake haikutafutiwa jina la kuipoza.

Huku kwenye mbio za kweli mambo ni kinyume kabisa. Jopo lipo, picha za video za kila pembe zipo, kanuni zenye vifungu na vifungu vidogo zipo, adhabu zipo. Na bado aliyeshinda ni rafiki yangu. "Ajali haina kinga" imepewa ofisi, meza na muhuri.

Twende Kempton, nje kidogo ya London, tarehe 31 Oktoba 2016. Freddy Tylicki, joki mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa kwenye kilele cha kazi yake. Mwezi huohuo alikuwa ameshinda Prix de l'Opéra nchini Ufaransa juu ya Speedy Boarding. Siku ile alikuwa juu ya Nellie Deen, amekaa upande wa reli ya ndani, wanaingia kona. Nje yake, mbele kidogo, alikuwepo Graham Gibbons juu ya Madame Butterfly. Gibbons akaja ndani. Nafasi ikapungua, ikaisha. Nellie Deen akakosa pa kuweka miguu, akaanguka, na farasi waliokuwa nyuma nao wakaanguka. Tylicki hajatembea tena tangu siku ile.

Wasimamizi wa mbio walikaa siku hiyohiyo. Waliangalia picha, wakawasikiliza wale waliokuwa na uwezo wa kuingia chumbani kwa miguu yao, wakaamua: ni bahati mbaya, hakuna kanuni iliyovunjwa. Tylicki hakuwepo kwenye kikao. Angekuwepoje? Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika.

Ilichukua miaka mitano. Desemba 2021 Mahakama Kuu ya Uingereza, mbele ya jaji Karen Walden-Smith, ilitoa hukumu katika kesi aliyofungua Tylicki. Jaji aliangalia tukio lilelile. Akasema haikuwa bahati mbaya, wala haikuwa kupitiwa kwa sekunde moja kwa mtu aliye kwenye kasi. Ilikuwa kutojali usalama wa mwenzake kwa kiwango ambacho sheria inaweza kumdai. Naye alisisitiza kwamba kiwango hicho ni cha juu sana, kwamba si kila anayembana mwenzake kwenye kona atafikishwa mahakamani. Gibbons alikipita.

Simtaji Gibbons ili nimsulubu. Jina lake limo kwenye hukumu na yeyote anaweza kuisoma. Ninachotaka uone ni chumba kile cha wasimamizi. Tukio ni moja, picha ni zilezile. Chumba cha kwanza, chenye haraka, kikijua mbio zinazofuata zinasubiri, kikaona ajali. Chumba cha pili, chenye muda, mashahidi na mtu aliyeumia akiwa ndani yake, kikaona kosa kubwa kuliko uzembe.

Halafu kuna kesi nyingine ambayo imekaa kama kioo cha hii. Septemba 1994, Hexham, kaskazini mwa Uingereza, mbio za kuruka viunzi. Majoki wawili, Adrian Maguire na Mick Fitzgerald, walifunga njia ya mwenzao wa tatu kwenye kona. Farasi wa huyo wa tatu akashtuka, akakatiza, akamwangusha wa nne, Peter Caldwell. Caldwell aliumia vibaya sana. Wasimamizi siku ile waliwaona Maguire na Fitzgerald wana hatia ya kupanda kwa uzembe, wakawafungia siku tatu kila mmoja. Caldwell akaenda mahakamani. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufaa ikasema hapana, huu ndio mchezo wenyewe, makosa ya namna hii hayatoshi kumdai mtu fidia.

Kwa hiyo Hexham wasimamizi walisema uzembe na mahakama ikasema si kitu cha kudaiwa. Kempton wasimamizi walisema si kitu na mahakama ikasema ni zaidi ya uzembe. Najua wanasheria watanivaa kwamba vipimo vya vyumba hivi viwili havifanani. Sawa, havifanani. Mimi nauliza swali la mtu wa kawaida: neno "uzembe" kwenye kanuni hizi linapima nini?

Tuje basi kwenye neno, maana humu ndani tunajali maneno. Kanuni za mbio za Uingereza zina ngazi tatu: kupanda kwa uzembe, kupanda kusikofaa, na kupanda kwa hatari. Kesi nyingi huishia ngazi ya chini. Ya juu, ile ya hatari, hutamkwa kwa nadra sana. Sasa mzembe kwa Kiswahili ni nani? Ni mvivu. Ni mtu anayeiacha kazi ijifanye, anayeacha mlango wazi na kuku wakaingia. Hebu niambie, mtu aliyeamka alfajiri, aliyejinyima chakula wiki nzima ili mzani usimwaibishe, aliyechuchumaa juu ya mnyama wa nusu tani anayekwenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa, huyo ni mvivu? Jumapili moja nilisimama kwenye uzio pale Ngong, Nairobi, farasi wanapita mbele yangu. Kwenye televisheni husikii kitu isipokuwa mtangazaji. Pale unasikia ardhi. Unasikia mapafu ya wanyama. Na unaona kwamba kati ya goti la joki na goti la jirani yake hakuna pa kupitisha mkono. Mahali pale hakuna mvivu hata mmoja.

Neno la kufaa liko barabarani kwetu: kuchomekea. Kila aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Ubungo analijua. Kuchomekea si kusinzia. Aliyechomekea ameona nafasi ambayo si yake, akapiga hesabu kwamba mwenye nafasi ataogopa na kukanyaga breki, akaingiza pua ya gari. Mara nyingi hesabu inakubali, mwenzie anakanyaga breki, anatukana, maisha yanaendelea. Siku ikikataa, tunaita ajali.

Joki anayeingia ndani kwenye kona anafanya hivyohivyo. Anataka reli, kwa sababu njia ya ndani ndiyo fupi. Anajua kuna mtu. Anabahatisha kwamba yule mtu atavuta hatamu. Na karibu kila mara yule mtu anavuta, kwa sababu anapenda uhai wake. Ndiyo maana wanaochomekea wanashinda mbio, na ndiyo maana wanaovuta hatamu hawaandikwi gazetini.

Ukitaka kujua kwa nini dereva wa daladala anachomekea, usiulize tabia yake. Uliza hesabu. Kuna tajiri nyumbani anasubiri hesabu yake ya jioni, na hesabu haijui foleni. Trafiki akimkamata dereva, faini ya elfu thelathini ni ya dereva na konda wake. Hesabu ya tajiri iko palepale. Dereva mwenye akili anaiweka faini kwenye mahesabu ya siku kama anavyoweka mafuta. Je, hiyo bado ni adhabu? Kwangu mimi hiyo imekuwa gharama ya uendeshaji.

Na hapa ndipo ugomvi wangu na mbio za farasi unapoanza hasa, maana mfumo wao ni huohuo, umevaa kofia ndefu tu. Joki akichomekea na kushinda, kinachofuata kwenye nchi nyingi ni mambo mawili yaliyotenganishwa kwa makusudi. La kwanza ni la joki: anafungiwa siku mbili, tano, kumi. La pili ni la farasi: je, abaki na ushindi au ashushwe? Na jibu la hili la pili kwa kawaida halitegemei joki alifanya nini. Linategemea swali moja tu: kama asingembana mwenzake, yule aliyebanwa angemaliza mbele yake? Kama jibu ni hapana, matokeo yanabaki. Zawadi inabaki kwa mwenye farasi. Thamani ya farasi kama dume la mbegu inabaki. Joki anakwenda likizo.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kwenye mbio za farasi mchuma janga hula peke yake, na wa kwao wanakula karamu meza ya pili.

Tena angalia swali lenyewe, nyie watu wa fasihi. "Kama isingetokea, ingekuwaje?" Hilo ni swali la mtunzi wa hadithi. Wasimamizi wanaombwa waandike riwaya fupi ya mbio ambayo haikukimbiwa, ndani ya dakika chache, kisha hadithi yao iwe na nguvu ya sheria. Mwaka 2015 pale Doncaster, kwenye St Leger, Simple Verse alimshinda Bondi Beach kwa kichwa tu baada ya kusukumana njiani. Wasimamizi wa siku ile wakaandika hadithi ambamo Bondi Beach angeshinda, wakampa ushindi. Siku kumi na moja baadaye jopo la rufaa likaandika hadithi nyingine kutoka kwenye video ileile, Simple Verse akarudishiwa taji lake. Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema kwamba maswali ambayo tungeweza kuyajibu kwa ushahidi, yaani nani aliingia njia ya nani, kwa kiasi gani, na alikuwa na nafasi ya kuacha au la, hayo yamesukumwa kando ili tujibu lile lisilojibika.

Hawakuwa hivi siku zote. Wajapani walikuwa wakali kuliko wote. Oktoba 1991, Tenno Sho ya vuli, Tokyo, uwanja umelowa maji. Mejiro McQueen, juu yake Yutaka Take, kipenzi cha taifa zima, alimaliza wa kwanza kwa urefu wa farasi sita. Sita! Hakuna aliyemkaribia. Lakini kwenye kona ya kwanza alikuwa ameingia ndani na kuwabana wenzake, na kwa kanuni ya wakati ule akashushwa mpaka nafasi ya mwisho, ya 18. Watu waliduwaa. Mwaka 2010 ikatokea tena kwenye Japan Cup: Buena Vista, akiendeshwa na Christophe Soumillon, alivuka mstari wa kwanza, akashushwa wa pili kwa kumbana Rose Kingdom. Mwaka 2013 Japani ikabadili kanuni, ikajiunga na wanaouliza "ingekuwaje?" Ufaransa ikafuata mwaka 2018.

Wanaotetea mabadiliko hayo wana hoja, na sitaki kuikwepa. McQueen alikuwa bora kuliko wote siku ile, mtoto mdogo angeona. Farasi hakujua kanuni. Aliyeweka pesa yake juu ya McQueen alikuwa ameona sawasawa, mkeka wake ukachanika kwa kosa la mtu mwingine. Kwa nini mwenye farasi na mbetiji waadhibiwe kwa mkono wa joki?

Kwa sababu joki ni mkono wao. Wamemwajiri, wamemchagua, mkufunzi amempa maelekezo kabla hajapanda, na kama angeshinda kwa ujanja uleule wangempigia makofi. Mbetiji naye, samahani ndugu zangu wa mikeka, hakubeti juu ya farasi mtupu; alibeti juu ya farasi na mtu. Beki wa timu uliyoibetia akimkata mtu ndani ya boksi, penalti inapigwa na mkeka wako unachanika, na sijamsikia mtu akidai penalti zifutwe ili mbetiji asionewe.

Marekani wao wamebaki zaidi na utaratibu wa zamani, na dunia iliona unavyofanya kazi tarehe 4 Mei 2019. Kentucky Derby ya 145. Maximum Security, juu yake Luis Saez, alivuka mstari wa kwanza. Kwenye kona ya mwisho alikuwa ametoka njia yake na kumkosakosa War of Will, miguu yao karibu ifungamane, na nyuma yao kundi zima la farasi. Wasimamizi walitazama picha kwa takriban dakika 22 huku umma ukisubiri, kisha wakamshusha. Haikuwa imewahi kutokea kwenye Derby hiyo mshindi kushushwa kwa kosa la ndani ya mbio. Country House, ambaye hakuna aliyemfikiria, dau lake likiwa 65 kwa 1, akapewa taji. Rais wa Marekani akalalamika mtandaoni. Wenye farasi wakaenda mahakama ya shirikisho, wakashindwa, wakakata rufaa, wakashindwa tena mwaka 2020. Saez alifungiwa siku 15.

Watu wengi wanaikumbuka siku ile kama aibu ya mchezo. Mimi naona ndiyo siku ambayo adhabu ilifika nyumbani kwa tajiri. Zawadi ya mshindi ilikuwa zaidi ya dola milioni 1.8. Niambie ni mwenye farasi gani, baada ya siku ile, asingemwambia joki wake: bwana, kaa kwenye njia yako. Kufungiwa siku 15 kwa Saez peke yake kusingemfanya tajiri yeyote aseme hivyo. Angesema: pole, tutaonana ukirudi.

Na wala si kweli kwamba Waingereza wanaogopa kumwadhibu farasi kwa kosa la joki. Tangu mwanzoni mwa 2023 kanuni zao za mjeledi zinasema mapigo yasizidi sita kwenye mbio za tambarare na saba kwenye mbio za kuruka, na joki akizidisha kwa manne au zaidi, farasi anaondolewa kwenye matokeo. Hakuna anayeuliza kama yale mapigo ya ziada ndiyo yaliyoleta ushindi. Umepiga kumi, umepoteza, kwaheri. Nakubaliana nao kabisa. Lakini weka mambo haya mawili kwenye mizani uone. Ukimchapa farasi wako mara kumi, tajiri wako anapoteza mbio. Ukimfungia mwenzako njia kwenye kona, mwenzako akapaa hewani, tajiri wako anaweza kubaki na kikombe ilimradi wasimamizi waone aliyeanguka asingekushinda. Na aliyeanguka, kwa kweli, huwa ni vigumu kuthibitisha angeshinda. Mjeledi una faida moja tu kuliko mgongo wa Tylicki: unaonekana kwenye televisheni, na mtazamaji anajua kuhesabu mpaka saba.

Mtaniuliza, je, wakikosea kwa wazi kabisa, hawaadhibiwi vikali? Wanaadhibiwa. Ijumaa ya tarehe 30 Septemba 2022, Saint-Cloud, yule yule Soumillon alimpiga kiwiko Rossa Ryan wakiwa katikati ya mbio, Ryan akarushwa chini. Kwa bahati aliinuka mzima. Soumillon aliomba radhi, akafungiwa siku 60, na baadaye Aga Khan akavunja naye mkataba. Hapo hakuna aliyesema ajali haina kinga. Lakini kifungo hakikuanza siku ile. Jumapili, siku mbili tu baadaye, alipanda Vadeni kwenye Prix de l'Arc de Triomphe, mbio kubwa kuliko zote Ulaya, akamaliza wa pili. Kanuni inaruhusu muda kupita kabla kifungo hakijaanza, ili wenye farasi watafute joki mwingine bila usumbufu. Ona tena nani anayelindwa asisumbuliwe.

Sitaki mnielewe vibaya kwamba natamani zama za ukali. Mwaka 1954 Lester Piggott, kijana wa miaka 18, alikuwa ametoka kushinda Derby ya Epsom juu ya Never Say Die. Siku chache baadaye, Royal Ascot, juu ya farasi huyohuyo, akasukumana na wenzake kwenye mbio za King Edward VII. Mabwana wa Jockey Club wakamwondoa mbioni kwa msimu uliobaki, wakaamuru akafanye kazi kwa mkufunzi mwingine, mbali na baba yake mzazi. Never Say Die akashinda St Leger na mtu mwingine mgongoni. Ile haikuwa adhabu ya kosa. Ilikuwa mabwana wanamfunza adabu mtoto wa watu wa kazi. Na hata pale, angalia, mwenye farasi aliondoka na Derby na Leger zote mbili. Ukali umebadilika, mlipaji ni yuleyule.

Riwaya nazo zina lawama yake. Dick Francis alikuwa joki mwenyewe kabla ya kuwa mwandishi. Ndiye aliyekuwa juu ya Devon Loch, farasi wa mama yake Malkia Elizabeth, alipoanguka bila sababu akielekea kushinda Grand National ya 1956. Vitabu vyake utavipata kwenye vitabu vya mtumba, vimechakaa majalada, na mimi nimevisoma karibu vyote nilivyovikuta. Enquiry, ya 1969, inaanza na joki aliyenyang'anywa leseni na wasimamizi kwa kosa ambalo hakulifanya. Riwaya nzuri, inasomeka usiku mmoja. Lakini humo, kama kwenye nyingi za aina yake, uovu una mwenyewe: kuna mtu nyuma ya pazia, kuna njama, kuna adui wa kukamatwa ukurasa wa mwisho. Msomaji analala vizuri. Hakuna riwaya ya kusisimua unayoweza kuiandika juu ya mtu wa kawaida, mwenye mke na mkopo, aliyeona nafasi isiyo yake kwenye kona akaingiza pua. Hakuna mhalifu, kuna hesabu ya jioni tu. Tolstoy peke yake ndiye ninayemjua aliyekaa na kosa la nusu sekunde bila kulitafutia mchawi.

Ninachodai si kikubwa. Mtu akishaanguka na kupelekwa hospitali, kikao cha siku hiyohiyo kisitoe uamuzi wa mwisho; kingoje aliyeumia aweze kusema, hata kwa maandishi, hata baada ya miezi. Joki akipatikana na hatia ya kuingia njia ya mwenzake na mwenzake akaanguka, farasi wake asibaki na ushindi, bila mtu yeyote kutunga hadithi ya ingekuwaje. Mkufunzi na mwenye farasi wakatwe sehemu ya zawadi hata pale ambapo hakuna aliyeanguka. Na kifungo kianze kesho yake asubuhi, hata kama kesho ni Arc. Wakiona ni kali mno, waanze na hilo la kwanza; halimgharimu mtu senti.

Nilimtumia rafiki yangu hukumu ya Tylicki, yote, nikamwambia asome ile sehemu ya kona. Akakaa kimya siku mbili. Jana usiku akanijibu kwa mstari mmoja: "Nimesoma. Lakini Frou-Frou alikuwa mbele peke yake, Vronsky hakumchomekea mtu."

Hapo amenipata. Nimemwambia tutaonana Jumamosi.